Sunderland tunaingia mchujo tumepigwa mechi tano mfululizo, kuna mwenye imani kweli humu?

PakaMweusi

Wadau habari zenu. Naomba tuongee ukweli mtupu maana mwenzenu usingizi umeanza kuwa mgumu. Ijumaa hii tarehe 9 Mei 2025 tunaenda kwa Coventry nusu fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu, marudiano Jumanne tarehe 13 kwetu Stadium of Light, na tunaingia hapo tukiwa tumepigwa mechi tano za mwisho za ligi, zote tano, hata sare ya kuombea maji hamna. Tulifikisha pointi 76 mwanzoni mwa mwezi wa nne, msimu umeisha tuko na zile zile 76. Ya mwisho ndo imenimaliza kabisa, QPR wanakuja nyumbani kwetu hawana wanachokitafuta wanatuchapa moja bila, wachezaji wetu wanapasiana pembeni pembeni tu kama mechi ya mazoezi na uwanja mzima umekaa kimya.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba msimu wenyewe ulikuwa mzuri jamani. Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa 16, makocha wanapokezana tu, akaja Régis Le Bris kutoka Lorient ambaye wengi wetu hata jina tulikuwa hatulijui, tukaanza ligi kwa kushinda mechi nne za kwanza zote. Na vijana! Chris Rigg ana miaka 17, Jobe Bellingham 19, nahodha Dan Neil mwenyewe 23 na kalelewa hapo hapo kwenye akademi yetu. Timu ya umri huo kumaliza ya nne kwenye Championship, daraja la pili la Uingereza, siyo kitu kidogo, na kama ungeniambia mwezi wa nane kwamba tutamaliza wa nne ningekushika mikono yote miwili.

Sasa swali langu. Fomu mbovu ya kuingia nayo mchujo ina maana yoyote au mechi hizi mbili zinaanza upya kabisa? Na je kuna anayeamini moyoni kwamba tunaweza kufika fainali Wembley tarehe 24? Siulizi anayetamani, kutamani tunatamani wote, naulizia anayeamini na ana sababu.

Namba_Sita

Mimi naamini kaka na sababu ninazo.

Kwanza hizo mechi tano ziangalie vizuri. Pointi 76 tulizipata zikiwa zimebaki mechi tano. Wa tatu Sheffield United wamemaliza na 90, na hapo walishakatwa pointi 2 mwanzo wa msimu, kwahiyo kuwafikia ilikuwa ndoto. Wa tano Coventry wamemaliza na 69. Yaani sisi tulikuwa tumekaa pale katikati peke yetu, mbele hatufiki nyuma hatufikiwi, na kocha akaanza kuzungusha kikosi, huyu anapumzishwa, yule anatoka majeruhi anapewa dakika za kurudisha pumzi, hapo unategemea nini? Mchezaji akijua mechi haina kitu anaenda mguu nusu kugombea mpira wa hamsini hamsini, hata wewe ungefanya hivyo kama wiki tatu mbele una mechi ya maisha yako.

Sisemi kwamba kufungwa ni kuzuri. Kushinda ni tabia na kufungwa nako kunageuka tabia, hilo nakubali na linanipa wasiwasi kidogo. Ila mchujo una historia yake. Crystal Palace 2013 waliingia wakiwa wa tano na mwisho wa msimu wao ulikuwa mbovu kweli kweli, ushindi wanautafuta kwa tochi, wakaenda wakamtoa Brighton nusu fainali, wakamfunga Watford moja bila fainali, mpaka leo hawajashuka na mwezi huu huu wanacheza fainali ya Kombe la FA. Blackpool 2010 waliingia wa sita wakapanda. Upande wa pili Leeds mwaka jana walikuwa wa tatu na pointi 90, wakafungwa na Southampton fainali. Hao Sheffield United nao unaowaona wana pointi 14 zaidi yetu hawajawahi hata siku moja kupanda kupitia mchujo, na wameujaribu mara nyingi sana.

Kwahiyo kama unauliza fomu ina maana, ina maana kidogo. Kinachoangaliwa ni nani yuko fiti Ijumaa. Mimi ningekuwa na hofu kama tungeingia na majeruhi sita, siyo tukiingia na vipigo vitano.

AngaBuluu

Naomba kuingia kwa heshima, mimi ni wa Coventry, natumaini hamtanifukuza.

Naona mnajijadili nyinyi wenyewe tu kama vile upande wa pili hakuna mtu. Ndugu zangu, sisi mwezi wa kumi na moja tulikuwa nafasi ya 17, tumemfukuza Mark Robins ambaye alitutoa daraja la nne kabisa mpaka huku, watu walilia, mimi mwenyewe nilikasirika wiki nzima, halafu akaletwa Frank Lampard kila mtu anauliza huyu kaja kufanya nini. Kutoka 17 mpaka 5. Na mwezi wa tatu mlikuja kwetu, hapo mlikuwa hamjapumzisha mtu, mkaondoka mmefungwa tatu bila. Hiyo siyo mechi ya mwezi wa nne ya kusema wachezaji walikuwa hawana motisha.

Tena Lampard mchujo anaujua. Akiwa Derby 2019 waliingia wa sita, wakafungwa nyumbani moja na Leeds, watu wakasema imeisha, wakaenda Elland Road wakashinda nne kwa mbili. Fainali walifungwa na Aston Villa lakini ile nusu fainali ilionyesha kitu.

Na sisi maumivu yetu pia yapo, msidhani mko peke yenu. 2023 fainali Wembley na Luton, moja moja, tukaenda penalti, tukafungwa sita kwa tano. Mwaka uliofuata nusu fainali ya FA na Manchester United, tumepigwa tatu tukarudisha zote tatu, dakika ya mwisho kabisa ya nyongeza tukafunga la nne, tukarukaruka, VAR wakalifuta kwa kuotea kwa kidole cha mguu, tukatolewa kwa penalti. Ligi Kuu hatujaigusa tangu 2001. Kwahiyo njooni, lakini msije mkifikiri mnapita tu.

Na Ellis Simms mnamkumbuka, alichezea kwenu kwa mkopo. Ijumaa yuko upande huu.

MzeeWaRoker

Wanangu, mimi timu hii nimeanza kuifuata wengi wenu hamjazaliwa, naomba niwape kitu ambacho nashangaa hakuna aliyekigusa.

Angalieni timu nne za mchujo mwaka huu. Sheffield United waweke pembeni. Zinabaki Sunderland, Coventry na Bristol City. Hizi tatu zina kesi ya mwaka 1977. Siku ya mwisho ya ligi daraja la kwanza, enzi hizo ndo ligi ya juu kabisa, moja kati ya hizo tatu lazima ishuke. Sisi tunacheza ugenini kwa Everton, Coventry wanacheza nyumbani na Bristol City wenyewe kwa wenyewe. Mechi yao ikacheleweshwa kuanza, wakasema watu bado wanaingia uwanjani. Sisi tukafungwa mbili bila, mechi yetu ikaisha, wao bado wanacheza na ubao ni mbili mbili. Jimmy Hill aliyekuwa bosi wa Coventry akaagiza matokeo yetu yatangazwe pale pale kwenye ubao wa uwanja. Wachezaji wa pande zote mbili wakajua kwamba sare inawaokoa wote wawili. Kuanzia hapo mpira ukawa unapigwa pasi nyuma, pembeni, nyuma, hakuna anayemsogelea mwenzake, mpaka filimbi. Sunderland tukashuka.

Ni miaka 48 sasa na watu wa Sunderland ukiwatajia hilo jina bado uso unabadilika. Sisemi vijana wa leo wa Coventry wana kosa, wengi hata wazazi wao walikuwa watoto. Bwana AngaBuluu karibu sana na umeongea kwa adabu. Lakini mpangilio huu wa mwaka huu ulivyojipanga, Coventry nusu fainali na pengine Bristol City fainali, mimi nimeuangalia mara mbili mbili.

Kuhusu mchujo wenyewe nimepitia vyote. 1987 ulipoanza tu, tukatolewa na Gillingham kwa magoli ya ugenini tukashuka daraja la tatu, mara ya kwanza kwenye historia ya klabu. 1990 tulimaliza wa sita na Newcastle wa tatu, tukakutana nao nusu fainali, kwetu Roker Park bila bila, kwao tukawapiga mbili bila, mashabiki wao wakaingia uwanjani kutaka mechi ivunjwe. Furaha ya siku ile sijui kama nimewahi kuipata tena. Fainali tukafungwa na Swindon moja, halafu wakagundulika na madudu ya malipo, wakanyimwa kupanda, tukapandishwa sisi tuliofungwa. Unaona mchujo ulivyo? 1998 na Charlton ndo sitaki hata kuandika sana, nne nne, penalti zinaenda sita sita na saba sita, Michael Gray akakosa. Kijana aliyetufunga matatu siku hiyo, Clive Mendonca, ni mtu wa Sunderland mwenyewe. Msimu uliofuata tukachukua ubingwa kwa pointi 105 lakini ile siku bado inauma.

Swali lako PakaMweusi, umeuliza nani anaamini. Mimi naamini, na naamini kwa sababu hawa watoto hawana 1998 kichwani. Rigg alizaliwa 2007. Huo mzigo tunaubeba sisi wa majukwaani, wao waachieni miguu yao iwe myepesi.

Kipenga

Mkipanda mtashuka tu. Msimu uliopita waliopanda wote watatu walishuka, mwaka huu Leicester, Ipswich na Southampton wote wameshashuka na ligi haijaisha. Sita kwa sita. Bora mkae mwaka mmoja mjengeke.

Namba_Sita

@Kipenga hiyo hoja naisikia kila siku na siikubali hata kidogo. Hakuna timu inayojengeka kwa kukataa kupanda. Ukibaki Jobe anaondoka, Rigg anaondoka, unaanza upya na watoto wengine. Brentford walipanda kwa mchujo 2021, Nottingham Forest 2022, wote wapo, Forest sasa hivi wanagombea nafasi ya Ligi ya Mabingwa. Fainali hii mshindi anaingiza zaidi ya pauni milioni 100, hata ukishuka mwaka unaofuata klabu imebadilika. Na sisi tumekaa misimu minane nje ya Ligi Kuu tangu 2017, minne kati ya hiyo tulikuwa League One, daraja la tatu, tunacheza na timu ambazo viwanja vyao ni nusu ya jukwaa letu moja. Tumejengeka vya kutosha.

DadaWaKandanda

Nimesoma zote, ya mzee imenitoa machozi, shikamoo mzee wangu.

Mimi nataka turudi uwanjani maana naona tunaongea historia na pesa na mechi yenyewe hatujaigusa. Mchujo wetu wa mwisho kwenye daraja hili ni 2023 na Luton na kwangu ule ndo wa kuangalia. Kwetu tulishinda mbili moja, Amad Diallo alifunga goli la kukumbukwa na Trai Hume kwa kichwa, halafu kwao tukafungwa mbili bila, tukatoka. Kwanini tulitoka? Mabeki wa kati wote warefu walikuwa majeruhi, Ballard hayupo, Batth hayupo, tukawa tunamchezesha Hume na Luke O'Nien katikati, na Luton wakaona, kila kona kila faulo wanairusha ndani ya boksi. Hatukuzidiwa mpira, tulizidiwa kimo tu.

Safari hii Dan Ballard yupo. Chris Mepham yupo. Kwangu mimi hilo peke yake lina uzito kuliko vipigo vitano vya ligi, kwasababu Coventry nao wana mabeki wakubwa na wanapenda krosi, Milan van Ewijk kule kulia hachoki kukimbia. Kama Ballard anaweza kumaliza mechi zote mbili mimi nalala vizuri. Na siyo kulinda tu, yule kwenye kona za kwetu nae ni hatari.

Shida yangu iko mbele. Isidor magoli yamemkauka miezi hii ya mwisho, anakimbia sana, anasumbua mabeki, lakini mbele ya goli mguu umekuwa mzito. Mayenda yuko vizuri zaidi kwa sasa na mimi ningewaanzisha wote wawili, nisichague. Enzo Le Fée lazima awe na mpira, tumemtoa Roma mwezi wa kwanza kwa ajili ya mechi kama hizi, yule akigeuka akaangalia mbele kuna kitu kinatokea. Na kuna kitu watu hawajui au wanasahau, kwenye mchujo huu goli la ugenini halina thamani ya ziada, lilishafutwa zamani. Kwahiyo Ijumaa hatuna sababu ya kwenda kujilipua. Sare kule ni matokeo mazuri, hata kufungwa moja siyo mwisho, tunamalizia kwetu mbele ya watu zaidi ya elfu arobaini.

Halafu kuna la Tommy Watson. Najua ameshakubali kwenda Brighton msimu ukiisha na kuna mashabiki wamemzomea. Mimi naomba tuache. Ni mtoto wetu, amezaliwa huko huko, ana miaka 19, na mpaka siku anaondoka jezi aliyovaa ni yetu. Dakika ya 75 mabeki wamechoka unahitaji winga anayewakimbilia moja kwa moja, na kwenye benchi letu huyo ni yeye.

PakaMweusi

@DadaWaKandanda kuhusu Watson nilikuwa mmoja wa wenye hasira, nilisema hata asipangwe tena. Nimesoma ulichoandika nikakaa nacho. Uko sahihi. Kama atatufungia goli moja kati ya sasa na tarehe 24 basi aende Brighton na baraka zangu zote, na hata asipofunga aende salama.

@MzeeWaRoker hiyo ya 1977 nilikuwa nimeisikia juu juu tu sikujua kwamba na Bristol City walikuwemo. Nimeenda kumweleza kaka yangu, tulikaa kimya wote wawili. Mimi maumivu yangu ya kwanza ni 2019, fainali ya League One na Charlton tena, tunaongoza dakika ya tano kwa goli walilojifunga wenyewe, wanasawazisha, tunasubiri dakika za nyongeza na dakika ya 94 Patrick Bauer anasukumiza ndani. Nilibaki nimekaa mbele ya televisheni mpaka wameshamaliza kugawa medali. 2022 tukawafunga Wycombe mbili bila pale pale Wembley, Embleton na Ross Stewart, kidonda kikaanza kufunga. Patterson alikuwa golini siku ile, kwahiyo yupo anayejua njia ya kule.

@Namba_Sita hesabu yako ya pointi 76 imenisaidia kuliko unavyodhani. Nilikuwa naangalia vile vipigo kama timu imekufa, sikuwahi kufikiria kwamba walikuwa wamekaa wiki nne hawana mtu wa kumfukuza wala wa kumkimbia.

Bado naogopa, sitadanganya. Ile tatu bila ya mwezi wa tatu ipo kichwani na AngaBuluu kanikumbusha. Lakini kikosi changu nimeshakipanga kwenye karatasi, Patterson golini, Hume kulia, Ballard na Mepham katikati, O'Nien popote kocha atakapomhitaji, Neil na Jobe kiungo, Rigg mbele yao, Le Fée apewe uhuru akiingia ndani kutokea kushoto, Isidor na Mayenda wote wawili kama alivyosema dada. Watson benchi. Roberts benchi nae, akiingia kipindi cha pili mabeki wameshachoka atawasumbua.

AngaBuluu kaka, Jumatano tarehe 14 asubuhi rudi humu tuongee, vyovyote itakavyokuwa.

AngaBuluu

Nitarudi. Ila O'Nien hujampa namba, na beki ya kushoto hujaweka mtu.

PakaMweusi

Nimeangalia tena, kweli. Basi O'Nien anaenda beki ya kushoto.